Chombo cha Kutafutia Mawimbi

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze jinsi Chama cha Kompyuta kilivyochagua chombo cha kutafutia mitandao ya waifai iliyowekwa shuleni bila idhini. Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, wanafunzi wengi na wazazi kadhaa wameuliza habari hii, na majibu waliyopewa njiani hayakuwa ya kweli. Ya pili, nina deni kwa mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili. Deni hilo nililiingia mbele ya watu, na kwa hiyo yanipasa kulilipa mbele ya watu.

Nitaanza na chanzo cha jambo lenyewe.

Intaneti ya shule yetu huingia kwa waya mpaka ofisini kwa mwalimu wa kompyuta. Kutoka hapo waya hugawanyika: mmoja huenda chumba cha kompyuta, wa pili ofisi ya taaluma, na wa tatu maktaba. Shule hulipia huduma hii kila mwezi. Mwezi wa Aprili mwaka huu mtandao ukawa mzito mno. Uliweza kufungua ukurasa mmoja, ukaenda bombani kunywa maji, ukarudi na kuukuta bado haujafunguka. Mwalimu akatazama orodha ya vifaa vilivyokuwa vikitumia mtandao wetu, akakuta vifaa asivyovijua, na vingi kati yake vilikuwa simu.

Kila msomaji anajua sheria ya hapa: mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Lakini simu haichomekwi kwenye waya wa namna ile. Mwalimu akatueleza kwamba hapana budi kuna kifaa kidogo, yaani ruta, kilichochomekwa mahali fulani kwenye waya wetu, nacho kinaugeuza mtandao wa waya kuwa mawimbi ya hewani. Akatupa mfano wa ghala la mahindi. "Mmeweka mlinzi na kufuli mlango wa mbele," alisema, "kumbe kuna tundu ukuta wa nyuma, na kila apitaye anachota." Tena hatari haikuwa ya mtandao kuwa mzito tu. Katika waya huo huo hupita alama za mitihani na habari za wanafunzi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka kila anayetunza habari za watu azilinde.

Mwalimu Mkuu akaona vema kazi hii tupewe sisi wa Chama, ili tujifunze. Akatuambia tuchague chombo cha kubebeka mkononi, kisichozidi shilingi 300,000, na tuandike mapendekezo yetu katika karatasi moja. Tukawa kamati ya watu wanne, nami nikachaguliwa kuwa katibu.

Kabla ya kuvitaja vyombo, yafaa nieleze kinachotafutwa. Ruta ya waifai hainyamazi. Mara kama kumi katika kila sekunde moja hutangaza hewani, "Mimi niko hapa, jina langu ni fulani." Hata ukilificha jina, tangazo lenyewe huendelea kutoka, ila bila jina. Matangazo hayo husafiri zaidi katika masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Chombo cha kutafutia husikiliza matangazo hayo na kuonyesha nguvu yake kwa namba za desibeli zilizo chini ya sifuri. Hapo wengi hukosea. Hasi 40 ni nguvu kubwa kuliko hasi 70. Ifikirie kama deni: anayedaiwa 40 ana hali nzuri kuliko anayedaiwa 70. Na tofauti hiyo si ndogo, kwa maana kila desibeli kumi ni mara kumi, hivyo tofauti ya thelathini ni mara elfu moja.

Tulichunguza vyombo vinne.

Cha kwanza ni kile wanachotumia mafundi wa makampuni makubwa, kama AirCheck. Hushikwa mkononi, husikia masafa yote, na kimetengenezwa kwa kazi hiyo tu. Bei yake ni maelfu ya dola za Kimarekani. Mwenyekiti wetu alisema kwamba fedha hizo zingetununulia madawati ya darasa zima, na hapo tukakifuta.

Cha pili ni kibao kidogo cha ESP32, kinachotengenezwa na kampuni ya Espressif ya Shanghai, China. Ni rahisi kuliko vyote, kinaingia katika mfuko wa shati, na mwanafunzi anayejua kuandika programu anaweza kukifanya kionyeshe namba kwenye kioo kidogo. Kasoro yake ni kwamba kibao cha aina tuliyopata husikia gigahezi 2.4 tu. Mwalimu alipoigeuza simu yake itangaze katika gigahezi 5, kibao chetu kilinyamaza kabisa, ingawa simu ilikuwa juu ya meza ile ile.

Cha tatu ni kompyuta mpakato ya Chama, ikitiwa programu ya Kismet, ambayo ni ya bure, na kuunganishwa na kipokezi cha nje cha waifai. Si kila kipokezi kinafaa. Yapasa kiwe cha aina inayokubali kusikiliza tu bila kujiunga na mtandao wowote. Uzuri wake ni kwamba huandika kila ilichosikia, na waweza kukifungia antena yenye uelekeo. Antena hizo mmeziona juu ya mapaa ya nyumba za Sumbawanga, zile zinazofanana na mifupa ya samaki. Zilibuniwa Japani mwaka 1926 na Shintaro Uda pamoja na Hidetsugu Yagi. Zile za televisheni ni ndefu kwa kuwa mawimbi yake ni marefu. Ya waifai ya gigahezi 2.4 ina vijiti vya kiasi cha sentimita sita tu. Ubaya wa chombo hiki ni uzito, na betri ya kompyuta yetu imezeeka.

Cha nne ni simu ya Android yenye programu ya kupima waifai. Simu ni nyepesi, husikia masafa yote mawili ikiwa ni ya siku hizi, na kila mtu anajua kuishika.

Jumamosi moja ya mwezi wa Mei tulifanya shindano katika kiwanja cha mpira. Mwalimu alificha simu yake ikitangaza, nasi tukaitafuta kwa kila chombo kwa zamu. Tuliotumia kompyuta tulichukua dakika kumi na tisa. Wa kibao cha ESP32 walichukua kumi na mbili. Mimi niliyepewa simu ya Android, mali ya mwalimu mwingine, niliipata kwa dakika sita chini ya goli la kusini. Nilishangiliwa sana. Nakiri kwamba nilitembea siku ile kama mtu aliyefunga bao. Pale pale tukaandika katika karatasi yetu: *Simu ndiyo bora, kwa sababu ni ya haraka.*

Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. Tulikuwa tumepima mwendo wa chombo mahali peupe pasipo ukuta wala bati, tukadhani tumepima ukweli wake.

Kosa la pili lilikuwa langu mimi. Jumatatu jioni, kabla ya masomo ya usiku, tulianza msako wenyewe. Mwalimu alikuwa ametuambia tuzunguke na kuandika namba tu. Baridi ya Ufipa wasomaji mnaijua. Upepo kutoka Milima ya Mbizi ulikuwa ukikata masikio, nasi tukatembea upesi upesi. Nilishika simu mbele, na nyuma yangu wakafuata wanafunzi wengi ambao hawakuwa wa kamati, kwa kuwa habari ilikuwa imekwisha kuenea. Tulipita kando ya maktaba, tukapita dirisha la stoo yake, tukaingia kwenye ujia mwembamba, kisha tukaingia katika bweni linalopakana nayo. Nilipofika kitanda cha tatu kutoka mlangoni, simu ilionyesha hasi 41. Hapakuwa pametokea namba kubwa kama hiyo jioni yote.

Nikasema kwa sauti, "Ni hapa."

Kitanda kile kilikuwa cha mwanafunzi wa kidato cha pili anayetoka Bonde la Ziwa Rukwa. Yanipasa kusema kweli yote. Kabla ya jioni ile watu walikuwa wakimnong'ona kwa sababu baba yake huuza simu mnadani, na kwa sababu mara moja alionekana na waya wa kuchajia. Mimi nami nilikuwa nimesikia minong'ono hiyo. Namba ilipotokea mbele ya kitanda chake, haikuniambia jambo jipya. Ilinipa ruhusa ya kusema nililokwisha kuliamini.

Sanduku lake likafunguliwa mbele ya watu zaidi ya arobaini. Hatukungoja mwalimu. Ndani mlikuwa na sare, madaftari, sabuni, barua ya mama yake, na samaki wakavu waliofungwa katika gazeti. Godoro likapinduliwa. Hapakuwa na ruta wala simu. Hakuna aliyemwambia pole. Mmoja alisema kwamba bila shaka amekwisha kukificha, wengine wakacheka kwa ajili ya wale samaki, na kabla ya taa kuzimwa alikuwa amepewa jina la utani ambalo sitalitaja hapa. Mwalimu alipopata habari alitukemea vikali, akasimamisha kazi yetu, nasi tukaenda likizo ya Juni hivyo hivyo.

Nyumbani kwetu ni kijiji kimoja njia ya kwenda Laela. Jioni moja nilikuwa nimeketi jikoni na bibi yangu, akipembua maharage, nikamsimulia habari za chombo chetu. Nilimweleza kama mtu anayesimulia ushujaa, ila mwisho wake sikuweza kuupamba. Bibi akauliza, "Na yule mtoto, mlipata kitu kwake?" Nikajibu kwamba hatukupata. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia habari za Kamchape.

Wazee wetu husema kwamba jina Sumbawanga lina maana ya kutupa uchawi. Katika miaka ya 1963 na 1964, harakati iliyoitwa Kamchape ilipita katika vijiji vya Ufipa ikidai kwamba itawaondoa wachawi wote. Jambo hili si hadithi ya jikoni tu. Roy Willis, mtaalamu wa Kiingereza aliyekuwa akichunguza maisha ya Wafipa miaka hiyo, aliandika makala juu yake, nayo ikachapishwa mwaka 1968. Hata kabla ya hapo, katika miaka ya 1930, harakati kama hiyo ilikuwa imepita kwa majirani zetu Wabemba, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Mtaalamu Audrey Richards aliandika mwaka 1935 kwamba wasakaji waliwapitisha watu nyuma ya migongo yao mmoja mmoja, wakawatazama katika kioo kidogo cha mviringo, na kwa kioo hicho wakasema nani ni mchawi.

Bibi alikuwa msichana wa miaka kama kumi na mitatu Kamchape ilipofika kijijini kwao. "Walikuwa vijana kama wewe, mjukuu wangu," alisema. "Walikuwa na dawa na kioo, na watu wengi wakiwafuata nyuma. Walimwonyesha kidole mjane mmoja jirani yetu. Sababu walikuwa nayo tangu zamani: mume alikuwa amekufa, na shamba lake lilizaa kuliko ya wenzake. Wakachimba nyumbani kwake wasione kitu. Lakini tangu siku ile hapana mtoto aliyetumwa tena kwake kuomba moto. Alikaa hivyo mpaka alipokufa."

Nilimwambia kwamba chombo chetu si kioo cha waganga, ni sayansi. Bibi hakubisha. Alisema, "Kioo nacho hakikuwa na kosa. Kioo huonyesha kilicho mbele yake. Aliyesema 'ni huyu' alikuwa mtu."

Usiku ule sikulala upesi. Nilipata jibu la haja, nalo halikuwa juu ya mashine.

Niliporudi shuleni Julai nilimwomba mwalimu wa kompyuta ruhusa ya kuuliza swali ambalo tulipaswa kuliuliza kabla ya shindano la kiwanjani: je, namba inayoonekana kwenye simu ni ya wakati gani? Tukasoma pamoja, na tukaona aibu. Tangu toleo la 9 la Android, lililotoka mwaka 2018, programu uliyoifungua mbele yako huruhusiwa kupima mitandao mara nne tu katika kila dakika mbili, ili betri isiishe upesi. Maana yake ni kwamba namba iliyo machoni pako yaweza kuwa imepimwa nusu dakika iliyopita. Kiwanjani jambo hilo halikudhuru, kwa sababu nilizunguka mahali pamoja. Lakini katika ule mwendo wetu wa upesi, nusu dakika ilikuwa ni kutoka dirisha la stoo ya maktaba mpaka kitanda cha tatu. Ile hasi 41 haikuwa ya kitanda. Niliibeba kutoka nje, nikaiweka mbele ya mtoto wa watu.

Tukaanza upya, safari hii kwa utaratibu. Kuanzia toleo la 10 la Android kuna mahali pa kuzima kizuizi hicho katika mipangilio ya watengenezaji wa programu, nasi tukakizima. Tulichora ramani ya majengo katika karatasi ya miraba. Tulisimama dakika mbili katika kila pembe, tukapima, tukaandika. Kila tulipopima tuliishika simu kifuani na kugeuka polepole pande nne, kwa kuwa mwili wa mtu una maji mengi nao huyazuia mawimbi. Ukikipa mgongo kifaa unachokitafuta, namba hushuka. Tukajifunza pia kwamba mabati hurudisha mawimbi kama ukuta urudishavyo mwangwi, kwa hiyo namba kubwa mahali pamoja haitoshi.

Pembe tano zikasema neno moja: stoo ya maktaba. Bwenini, kwenye kile kitanda cha tatu, simu ilionyesha hasi 63.

Kisha mwalimu akafanya jambo ambalo halikuhitaji chombo chochote. Alichomoa waya wa maktaba pale ofisini kwake. Jina la mtandao uliofichika liliendelea kuonekana hewani, lakini intaneti ikakatika ndani yake. Akaurudisha, intaneti ikarudi. Basi ruta ilikuwa kwenye waya wa maktaba. Tukaufuata ule waya nyuma ya makabati, ukatuingiza stoo, na juu ya boksi la atlasi za zamani tukaikuta ruta ndogo imejaa vumbi, taa yake ya kijani ikiwaka. Iliwekwa hapo wakati wa semina ya likizo ya Desemba ili wageni wapate kutumia mtandao, ikasahauliwa, nayo haikuwa na neno la siri.

Na zile simu? Nje ya uzio, mita chache kutoka dirisha la stoo, ipo mikaratusi ambapo vijana wa bodaboda walihamishia kijiwe chao mwezi wa Aprili. Sote tuliwaona kila asubuhi wamejikusanya pale. Tulidhani wanapenda kivuli. Nawauliza wasomaji, nani hutafuta kivuli Sumbawanga asubuhi ya mwezi wa Mei? Dalili ilikuwa mbele ya macho yetu, lakini sisi tulikuwa na mtu wetu tayari.

Hapakuwa na mwizi hata mmoja. Kulikuwa na kifaa kilichosahauliwa, na mwanafunzi aliyeaibishwa bure.

Sasa nitaeleza tulichopendekeza. Tulichana karatasi ya kwanza tukaandika nyingine. Tulipendekeza shule inunue simu moja ya Android iliyokwisha kutumika, toleo la 10 au zaidi, yenye kusikia masafa mawili, ikae ofisini kwa mwalimu. Hiyo ilitugharimu shilingi 160,000. Pamoja nayo, kipokezi cha nje kwa ajili ya kompyuta ya Chama, chenye antena ya kawaida kwa gigahezi 5 na antena yenye uelekeo kwa gigahezi 2.4, kwa shilingi 110,000. Betri ya akiba ilikuwa 25,000, na daftari gumu la kuandikia vipimo 3,000. Jumla ni shilingi 298,000. Vyombo viwili vya namna mbili ni bora kuliko kimoja cha ghali, kwa maana kimoja kikikosea, cha pili hukipinga. Simu hutuambia tuanzie jengo gani, na kompyuta yenye antena hutuonyesha upande gani. Lile daftari ndilo chombo tulichokosa mwezi wa Mei.

Tuliongeza kanuni tano, na Mwalimu Mkuu amezikubali. Kwanza, hakuna kupima bila mwalimu, na wapimaji wasizidi watatu. Pili, kila kipimo kichukuliwe mkiwa mmesimama, na pembe zisipungue nne. Tatu, waya ukaguliwe kabla ya watu. Nne, tunasikiliza matangazo ya mitandao tu, na programu ya Kismet tumeipanga isihifadhi kitu kingine, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya watu bila idhini, na adabu inakataza vile vile. Tano, chombo hutaja mahali, hakitaji mtu. Basi nasi tusitaje jina la mtu yeyote, wala sanduku la mwanafunzi lisifunguliwe kwa sababu ya namba peke yake.

Mwenzetu mmoja alisema kwamba kanuni hizi zitatuchelewesha. Ni kweli. Zamani dakika sita zilinipa sifa. Siku hizi msako mmoja hutuchukua alasiri nzima.

Limebaki deni langu. Jumapili baada ya ruta kupatikana nilikwenda katika bweni lile lile saa ile ile ya jioni, watu wakiwapo. Nilisimama kwenye kitanda cha tatu nikasema kwamba nilikosea, nikaeleza jinsi nilivyokosea, nikaomba msamaha. Yule mwanafunzi alikuwa akikunja blanketi lake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimesikia, kaka. Lakini barua ya mama ilisomwa na watu, na wewe ulikuwapo." Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli nilikuwapo. Nikasema tena, "Nisamehe," akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja blanketi.

Sidai kwamba mambo yamekwisha. Lile jina la utani bado hutajwa na wachache, wengine wakiwa ni wanafunzi wapya wasiojua hata lilitoka wapi. Ndiyo sababu nimeandika habari hii. Ndugu zangu wa vidato vyote, nawaomba jina lile lisitamkwe tena hapa shuleni. Na wazazi mliosikia mnadani au stendi kwamba mtoto fulani wa bondeni aliiba mtandao wa shule, nawaomba mjue ya kuwa hakuiba, na aliyemsingizia ni mimi niliyeandika haya.

Mimi ni wa kidato cha nne, na mwezi wa Novemba nitafanya mtihani wangu wa mwisho na kuondoka. Simu, kompyuta na antena zitabaki kwa wenzangu wa Chama. Daftari la vipimo nalo litabaki. Katika ukurasa wake wa kwanza nimeandika tarehe ya ile Jumatatu ya Mei, namba hasi 41, na mbele yake maneno haya: *Kipimo hiki ni cha uongo. Mpimaji alikuwa anatembea.*